Barua kwa mwanangu: volti na ampea za kitu kimoja, kwa wakati mmoja

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa Neema,

Barua yako nimeipata na mama yako nimemsomea yote; anakusalimu sana. Umeniuliza kwa nini balbu ya wati 60 uliyoipima kwa mita ilionyesha ukinzani (yaani namna kitu kinavyozuia umeme kupita) wa omu 65 hivi, ilhali hesabu ya daftarini inadai zaidi ya omu 880, na mwenzako wa bwenini akakwambia kwamba mita imeharibika. Mita ni nzima, na hesabu yako nayo ni sahihi.

Balbu hiyo imeandikwa wati 60 kwa volti 230. Kwa kuwa nguvu ya umeme ni volti kuzidisha kwa ampea, mkondo wake ni 60 gawanya kwa 230, yaani ampea 0.26, na kwa kuwa ukinzani ni volti gawanya kwa ampea, unapata omu 882 ikiwa hukukata desimali mapema. Lakini hizo ni omu za balbu inayowaka, ambayo uzi wake wa tungsteni umefikia joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, na uzi wa metali kama huo kadiri unavyopata joto ndivyo ukinzani wake unavyopanda. Wewe uliipima ikiwa baridi, juu ya meza, kwa betri ndogo iliyomo ndani ya mita. Sasa gawanya 230 kwa 65 uone: wakati wa kuwashwa, kwa muda mfupi mno, balbu huvuta kama ampea 3.5, zaidi ya mara 13 ya mkondo wake wa kawaida. Ndiyo maana zile balbu tunazolelea vifaranga huungua hasa pale unapobonyeza swichi, mara chache zikiwa zimeshawaka.

Kwa hiyo, mwanangu, unapotafuta ukinzani au nguvu, hakikisha kwamba volti na ampea ulizoziandika ni za kitu kimoja na zimepimwa kwa wakati mmoja. Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani aliyechapisha mwaka 1827 kanuni hii ya volti, ampea na ukinzani, alilihangaikia jambo hilohilo. Betri za siku zake zilikuwa zikidhoofika katikati ya kipimo, ndipo akaziacha na kutumia kiungo cha metali mbili, shaba na bismuthi, ambacho hutoa umeme pande zake zikitofautiana joto, upande mmoja ukiwa katika maji yanayochemka na mwingine katika barafu, ili msukumo wa umeme usibadilike huku yeye akibadilisha nyaya za urefu mbalimbali.

Pasi ina utulivu kuliko balbu, kwa sababu ukinzani wa koili yake haubadiliki sana kwa joto. Pasi ya wati 1,000 kwa volti 230 ina omu 53 hivi. Jioni umeme ukishuka hadi volti 200, mkondo unakuwa ampea 3.8 na nguvu inabaki kama wati 756. Volti zimepungua kwa asilimia 13, lakini nguvu imepungua kwa karibu robo nzima, kwa maana volti ziliposhuka ziliuvuta mkondo nao ukashuka.

Hilo la wakati mmoja umelielewa. La kitu kimoja ndilo linalowasumbua hata mafundi. Wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku wa giza siku hizi wengi wameacha karabai na kutumia taa za betri, na mara kwa mara huniletea betri wakisema imechoka kwa kuwa taa ina mwanga hafifu. Chukua mfano huu: taa ikiwa inawaka, kwenye vichwa vya betri napata volti 12.4, kwenye taa yenyewe volti 11.6, na mkondo ni ampea 4. Fundi mwenye haraka atagawanya 12.4 kwa 4 na kusema kwamba taa ina omu 3.1, kumbe hizo ni omu za waya na taa kwa pamoja. Volti za waya peke yake ni tofauti ya vile vipimo viwili, yaani 0.8, ukigawanya kwa ampea 4 unapata omu 0.2, na ukizidisha kwa ampea 4 unapata wati 3.2 zinazopotea kwa kuupasha waya joto bure. Mwenye mtumbwi akiongeza taa mkondo ukafika ampea 8, upotevu katika waya huohuo unakuwa wati 12.8, mara nne ya ule wa mwanzo, ingawa mkondo umeongezeka mara mbili tu. Waya wenye eneo la mkato maradufu na urefu uleule, yaani kama nyaya mbili za namna hiyo zilizounganishwa sambamba, una nusu ya ukinzani huo, na ni rahisi kuliko betri mpya. Inaniuma kuona mtu aliyechuma kwa jasho anauziwa betri asiyoihitaji kwa sababu hakuna aliyepima upande wa taa.

Umeme wa ukutani usiupime ampea kwa mita yako ya kawaida. Subiri likizo tutumie mita ya kubana, ambayo hubana waya mmoja tu, kwani ukibana zote mbili itasoma sufuri. Na kipimo cha omu usikiguse kamwe kitu kikiwa na umeme.

Betri ya sola ya bweni lenu ni ya volti 12, hiyo unaweza kuipima mwalimu wako akiwepo. Taa ya getini ikiwa inawaka peke yake, niandikie volti za kwenye betri, volti za kwenye taa na ampea za waya, kisha uhesabu mwenyewe omu za waya huo na wati zinazopotelea njiani.

Ni mimi baba yako