Kabla ya kumpa binti dawa za vidonda vya tumbo kwa mara ya tatu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze ugonjwa wa kujinyima chakula na kujitapisha, ambao familia yetu ilichelewa kuutambua kwa karibu miaka miwili. Binti wa kaka yangu alikuwa kidato cha tatu alipoanza kukonda. Alipimwa malaria, taifodi na kifua kikuu, akapewa dawa za vidonda vya tumbo akazimaliza, akapewa tena. Nyumbani wako waliosema ni husda, na wengine kwamba anadeka. Kote tulikopita, hakuna aliyemuuliza kwa upole anakula nini na anauonaje mwili wake.

Nasi wenyewe hatukuona kilichokuwa mbele ya macho yetu. Alianza kwa kufunga sunna ya Jumatatu na Alhamisi, tukamsifu. Kisha akawa anafunga karibu kila siku, na magharibi anafuturu tende moja na maji, nasi tunasema mtoto ameshika dini. Akibembelezwa hata akala wali, huinuka upesi kwenda msalani na kufungulia bomba kwa nguvu. Niliona sugu kwenye vifundo vya vidole vyake vya mkono wa kulia nikadhani ni za kufua. Daktari wa afya ya akili ndiye aliyenieleza baadaye kuwa hiyo ni michubuko ya meno ya mtu anayejitapisha, alama iliyoandikwa tangu mwaka 1979, Gerald Russell wa London alipoueleza ugonjwa wa bulimia, yaani wa kula kupita kiasi kisha kujitapisha.

Wapo watakaosema haya ni maradhi ya Wazungu, na kwamba huku Pwani mwanamke akinenepa hupongezwa. Huko Fiji nako mwili mkubwa ulikuwa fahari. Mwaka 1995, televisheni ilipokuwa ndiyo kwanza imefika eneo la Nadroga huko Fiji, mtafiti Anne Becker na wenzake hawakumpata, miongoni mwa wasichana waliowauliza, hata mmoja aliyejitapisha ili apungue; waliporudi mwaka 1998 walikuta asilimia 11.3. Mabinti zetu wanalala na simu mkononi. Na hizo pongezi zetu, "umenawiri, mashallah", ambazo husemwa kwa nia njema kabisa, binti yetu anasema kila moja ilimkosesha usingizi.

Si jambo la kumsubiri akue aliache. Kujitapisha hupunguza madini ya potasiamu mwilini, na moyo unaweza kwenda mrama hata kwa mtu ambaye uzito wake ni wa kawaida, kwa hiyo mizani peke yake haitoshi. Aliyejinyima kwa muda mrefu naye asishindiliwe chakula kwa siku moja, kama sisi mashangazi tupendavyo, kwani madini katika damu yake yanaweza kushuka ghafla. Anahitaji kurudishwa kwenye chakula taratibu, daktari akimwangalia. Ninawaomba wahudumu wa zahanati na matroni wa shule za bweni wajifunze dalili hizi, wamuulize binti faraghani, mama yake akiwa nje, na wampeleke panapotolewa huduma ya afya ya akili bila kumwaibisha.

Binti yetu bado anatibiwa. Anakula pamoja nasi, hakuna anayeitazama sahani yake, baada ya chakula tunakaa barazani kwa mazungumzo ya mambo mengine, na mgeni anayeanza kwa salamu za mwili namkatisha mimi mwenyewe mlangoni.

Shangazi,
Tanga