Barua ya wazi ya shangazi: hiyo harusi sichangii

Kaka zangu, wake zenu, na wanangu wote mlio Tanga, Muheza na Dar,

Assalam alaykum. Kadi ya mchango wa harusi ya kijana wetu imenifikia. Mweka hazina asinisubiri, sitoi. Na kwa kuwa mmeshaanza kunong'ona kwamba shangazi ana kinyongo, sababu naitoa hapa mbele ya watu wote.

Kijana mnayetaka kumwozesha anaumwa akili, nanyi mmemfungia chumba cha uani. Nimekiona. Dirisha limepigiliwa mbao, sahani ya wali inasukumwa kwa mguu, kisha mlango unakomewa. Usiku anajibizana na watu tusiowaona. Mnasema akipata mke atatulia. Atatulia kwa lipi? Mwenye malaria mmewahi kumwozesha ili homa ishuke?

Ya mtoto wa marehemu kaka mkubwa mmeyasahau mapema hivi? Posa ilipokwenda, upande wa pili hawakuambiwa neno. Binti wa watu alianza kuyaona kwenye fungate: mume usiku hapati usingizi, redio anaizima akidai inamsema, chakula hali mpaka paka aonjeshwe kwanza. Kila akiuliza anaambiwa vumilia mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo. Akavumilia mpaka usiku aliporudi kwao peku, mtoto mgongoni, taya limevimba. Mtoto yule leo anashtuka mtu mzima akipaza sauti. Mume karudi kwa mama yake, mama kaacha kuuza maandazi kwa kuwa hawezi kumwacha peke yake, na mdogo wake wa kike kaachia shule kidato cha pili. Wala msimgeuze mnyama: wengi wenye maradhi haya hawamgusi mtu, na yeye alikuwa ameachwa miaka bila tiba. Aibu mliyoificha kwenu mkaenda kuimwaga kwenye nyumba ya watu, tena na mahari juu.

Mengine nayataja tu. Kombe la aya mnywesheni, dua msomeeni, sikatazi, ila na kliniki aende. Akipata nafuu dawa asiziache mpaka daktari aseme. Bangi ikae mbali naye. Kamba na minyororo, haramu. Anayesema amechoka kuishi msimkaripie, kaeni naye. Mzazi aliyetoka kujifungua akiwa hapati usingizi na anaanza kusema maneno yasiyoeleweka, hospitali siku hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Sisi mtoto akibadilika tunasema utundu, baadaye mapenzi, baadaye jini, na miaka imeshakwenda. Lutindi kule Korogwe, humu humu mkoani kwetu, wanalaza wagonjwa wa akili tangu enzi za Mjerumani, lakini nyinyi mnapanda basi kumfuata mganga mikoa mitatu mbele. Hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, tumeigeuza tusi la vijiweni, kisha tunashangaa mgonjwa akigoma kupelekwa. Serikali nayo isijifiche nyuma yangu: dawa leo zipo, kesho unaambiwa kanunue nje. Na sheria yetu bado inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, wakati wenzetu Kenya Mahakama Kuu yao ilikitangua kifungu cha namna hiyo Januari 2025. Mtu anatolewa kwenye kamba, anakabidhiwa kwa polisi!

Sasa nisikilizeni, wanangu, maana nawapenda na huyo kijana nimemlea kwa mikono hii. Posa isimame. Wazazi wa binti waambiwe ukweli, na atakayekwenda ni mimi. Mbao zitoke dirishani leo. Jumatatu asubuhi tunampeleka hospitali ya mkoa. Kaka mdogo aje na gari, mama yake abebe vikaratasi vyote vya dawa alizowahi kupewa. Michango iliyokwisha kukusanywa isirudishwe, nauli na dawa zitatoka humo. Mwenye neno anipigie kabla ya Jumapili.

Shangazi yenu