Mwanangu, beba maji ya kutosha

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Mama yako kanisomea ujumbe wako kwamba Jumamosi unakwenda kutazama kanisa la kale la San Xavier del Bac. Nikauliza hapo hapo: kwa gari gani? Lile linalochemsha? Juni hii huko kwenu Tucson, Marekani, joto linapita nyuzi 40, umesema mwenyewe. Kilomita 16 si safari, lakini gari likikuzimikia jangwani hata moja ni nyingi. Beba maji. Si kachupa ka mkononi, beba dumu.

Kwenda, nimefurahi sana. Wenzako siku ya mapumziko wanakimbilia madukani, wewe unakwenda kutazama kuta. Hilo umelitoa kwangu. Ila miaka miwili kanisa liko pua na mdomo, ndiyo kwanza unakwenda?

Ukifika, tazama minara. Ule wa mashariki hauna kuba, haukumalizwa. Misheni aliianzisha Padri Kino, Mjesuiti, mwaka 1692, ila jengo hili walilisimamia mapadri wa shirika jingine, Wafransisko, 1783 hadi 1797. Walioumia na matofali ni wenyeji, O'odham, na ardhi ile ni yao hadi leo. Wanasali humo. Basi ingia kama mgeni, piga hodi, simu weka mfukoni.

Halafu usogee ukutani, karibu kabisa. Karne iliyopita waliupaka saruji, unyevu ukakosa pa kutokea, matofali yakaanza kulika ndani kwa ndani. Ikabidi mafundi waibandue saruji yote, warudi kwenye chokaa iliyochanganywa na ute wa mpungate, ule mmea wa miiba. Chokaa inapumua, mwanangu. Nipigie picha hapo, sitaki ya mlangoni.

Ukuta wa chumba cha bibi yako unaujua. Alisema chokaa. Aliyekuwa ameshika mwiko siku ile unamjua pia. Kila masika nikiona ule weusi unavyopanda kutoka chini, namkumbuka bibi yako.

Mama yako goti limepoa kidogo. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu, nyingine mwezi ujao. Mbuzi wa jirani wamemaliza mchicha wote.

Gari likichemka usifungue mfuniko wa rejeta, subiri lipoe. Na lile dumu liwe siti ya mbele, si kwenye buti. Ukirudi piga simu, hata kama huku ni alfajiri. Nitakuwa macho.

Baba yako,
Bagamoyo