MALALAMIKO: MAFUTA YENU YA "NAZI TUPU" NA AIBU ALIYOPATA MWANANGU DUKANI

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Nawasalimu kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imenibakia kidogo.

Jumamosi nilirudisha chupa ya shilingi 1,450 katika duka lenu la Kenyatta Avenue, Nakuru. Masharti yenu ya kurudisha bidhaa mnayajua. Mhudumu hakunirejeshea pesa. Alimshika binti yangu wa miaka saba, akamkunja sweta hadi kwenye kiwiko mbele ya foleni nzima, akasema, "Mama, mafuta hayana makosa. Huyu mtoto haogi."

Mtoto ana ukurutu. Anaoga kila jioni kwa maji ya vuguvugu, nami humpaka mafuta kabla ngozi haijakauka, kama tulivyoelekezwa kliniki.

Chupa imeandikwa "nazi tupu, bila manukato". Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Asubuhi za Julai hapa Nakuru, yale niliyoletewa na dada yangu kutoka Mombasa yameganda meupe kama samli. Yenu yanamwagika kama maji, tena yananukia lavenda! Siku ya pili viwiko vilikuwa vyekundu, vinatoa majimaji. Daktari alifungua kifuniko, akanusa, akasema manukato hayo ni adui wa ngozi ya namna hii, niache leo leo. Hayo yalikuwa kabla sijaja dukani. Hasira inanichanganyia siku.

Kuhusu ule mkono, sijamaliza. Alichukua kalamu akawa anaonyesha doa moja moja, kama anayehesabu matundu ya panya kwenye gunia. Mtu mmoja nyuma yetu akacheka. Msimamizi wa zamu alikuwa hatua mbili tu, macho kwenye simu. Binti yangu hakunena lolote ndani ya matatu hadi Free Area, ndipo akaniuliza kama ananuka.

Nilikusudia kudai 1,450 tu. Sasa nataka pia 3,200 za daktari na dawa, na mhudumu huyo amwombe mtoto msamaha kwa kinywa chake, foleni ikiwapo. Nawapa siku saba. La, saba ni nyingi: tano. Zikipita, mafuta yatafika KEBS, shirika la viwango la Kenya, maana alama yao ya ubora mmeibandika, na barua hii itafika Mamlaka ya Ushindani.

Nakala ya risiti naambatanisha. Chupa siwapi. Iko kabatini, na hadi leo haijaganda.

Aliyekuwa mteja wenu,
Mama wa Free Area, Nakuru