Kijana akitaka kuandika, aanzie kwenye maswali anayoulizwa

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ukurasa wako wa vijana ulitoa ushauri kwa wanaotaka kuanza kuandika. Mwandishi alisema kazi ya kwanza ni kuchagua mada, na hapo tuko pamoja. Kisha akasema wachague ile inayotafutwa na watu wengi: fedha, afya, mahusiano, mpira. Ukurasa huo mtoto wa dada yangu aliukata akauweka ndani ya daftari lake, na ndio ulionifanya nishike kalamu.

Kijana huyu amemaliza chuo, ajira bado, na kwa sasa yuko nami hapa Mpunguzi, Dodoma. Tunasaidiana shamba langu la zabibu, ekari moja na nusu. Anapenda kuandika kweli kweli. Kwa kufuata ushauri ule akachagua fedha, akakesha siku tatu akiandika namna ya kuwekeza kwenye hisa, kisha akanisomea. Kiswahili chake kimenyooka. Lakini nilipomuuliza, "Mwanangu, mtu wa hapa Mpunguzi akitaka hisa anaanza kwa kumwona nani, na wewe ulipoenda walikuambiaje?" alinyamaza. Hajawahi kununua hisa, wala hamjui aliyenunua. Akafunga daftari akasema, "Sasa mama mdogo, mimi niandike nini? Hakuna ninachokijua."

Neno hilo liliniuma, Mhariri. Kijana amezaliwa Dodoma, amekula ugali wa uwele na mlenda tangu ameota meno, amebeba kreti za zabibu tangu yuko darasa la tano, halafu anaamini kwamba hakuna anachokijua.

Asubuhi yake tuliingia shambani kupogoa. Akaanza kuuliza. Kwa nini tawi hili umeliacha na macho mawili ya kuchipulia na lile umelifyeka lote? Nikamkatia matawi mawili, nikamwekea kiganjani. Kwa nje yote yana gome la kahawia, huwezi kuyatofautisha. Lakini kwenye mkato, moja ni kijani kibichi na lina unyevu, jingine ni kahawia mpaka katikati na ni kavu kama kuni. La kwanza litachipua, la pili limekufa, hata ulibembeleze. Akauliza mbona mzabibu unadondosha maji ulipokatwa, kama unalia. Akauliza kwa nini makasi nayapangusa kabla ya kwenda mti mwingine. Mpaka jua la saa sita ameuliza maswali kumi na manne, nilikuwa nayahesabu. Nikamwambia hayo ndiyo mada yako, kayaandike yote kabla hujalala.

Nina sababu ya kulisemea jambo hili kwa uchungu. Nilipoanza kilimo cha zabibu nilipewa kijitabu kilichotafsiriwa kutoka nchi za baridi. Kilisema subiri mzabibu upukutishe majani, ulale, ndipo ukate, mara moja kwa mwaka. Huko kilikoandikwa ni kweli tupu. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi kali na huvunwa mara moja. Mzabibu wa Dodoma haulali. Unauamsha wewe mwenyewe kwa makasi, unahesabu kama miezi minne, unavuna, na kwa mwaka unaweza kuvuna mara mbili. Kwa hiyo siku unayopogoa ndiyo inayoamua zabibu zako zitaiva jua likiwaka au mvua ikinyesha. Mimi nilisubiri majani yapukutike. Nikasubiri sana, nikaja kupogoa mwishoni mwa Septemba. Zabibu zikaiva Januari, mvua imeshika. Ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, ukaingia kwenye majani, punje zikapasuka kwenye vichala, nyigu wakajaa. Nilitarajia kreti thelathini, nikapata ndoo nne za kukamua mchuzi wa zabibu wa kutengenezea mvinyo. Ada ya mtoto ya mwaka ule niliilipa kwa kuuza mbuzi.

Kijitabu kile hakikunidanganya. Kosa ni kwamba hapakuwa na mtu wa hapa aliyeona kuwa kupogoa zabibu Dodoma ni mada ya kuandikwa. Wajuzi walikuwepo, kituo cha utafiti wa zabibu cha Makutupora kiko hapa hapa Dodoma, wazee wa zabibu walikuwepo Hombolo na hapa hapa kijijini. Walikuwa wanajua na kunyamaza.

Hoja ya kuchagua kwa kufuata soko inanikumbusha Kongwa, hapa hapa mkoani Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga pale, kwa sababu kwao baada ya vita mafuta ya kula yalikuwa haba. Zao lilichaguliwa kwa kuangalia uhaba wa Uingereza, bila kuwasikiliza wenyeji Wagogo wanaojua mvua ya nchi hii inavyokuja na kukatika. Jua likaukausha udongo ukawa mgumu kama saruji, karanga hazichimbuki, na kufikia 1951 mradi ukaachwa. Kijana anayeandika hisa kwa sababu zinatafutwa na wengi anapanda karanga Kongwa.

Najua kuna atakayesema zabibu zina wasomaji wachache. Njoo ukae kwangu Jumamosi moja. Tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, watumishi wamenunua viwanja, na wengi wanataka mzabibu mmoja au miwili uani. Wananunua pingili njiani, wanazipanda, baada ya mwaka mzabibu umekuwa kichaka kisicho na kichala hata kimoja. Hao wanasimamisha magari hapa kuniuliza. Wote wanauliza jambo lile lile, nami sina karatasi ya Kiswahili ya kuwapa waondoke nayo.

Lakini si kila kilicho karibu nawe ni chako. Kijana wangu, baada ya kupata moto, alitaka pia kuandika ngoma za Wagogo: muheme, zeze, na habari za marehemu Hukwe Zawose aliyeufikisha muziki wetu mpaka Ulaya. Nilimzuia, na kwa hilo tulivutana. Amekulia mjini, Kigogo anakisikia kwa kubahatisha, muheme ameuona harusini tu. Nikamwambia hiyo iache kwanza, nenda ukakae na bibi zako Mvumi wakufundishe, hata ikichukua miaka miwili. Alikasirika kidogo. Siku ya pili aliniomba nauli ya Mvumi, nikampa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Habari za Dodoma kwenye gazeti lako ni Bunge, wizara, mji kupandishwa hadhi kuwa jiji 2018 na treni mpya. Zina waandishi wa kutosha. Tafadhali tenga robo ukurasa kwa vijana waandike jambo moja dogo wanalolifanya kwa mikono yao: anayekausha mlenda Chamwino, anayekamua alizeti Singida, anayechunga ng'ombe Bahi kiangazi malisho yakiisha. Wasiandike "kilimo" wala "ufugaji". Hayo ni mapana mno, mtu anapotelea humo kama huyu wangu alivyopotelea kwenye hisa siku tatu nzima.

Nimeambatanisha kurasa mbili alizoandika. Zinaeleza namna ya kutambua tawi la mzabibu lililokufa kabla hujalikata, kwa kulikwangua gome kwa ukucha. Nimezisoma, nimemsahihisha mahali pamoja tu, alipoandika mwezi wa kupogoa. Anauliza kama unaweza kuzichapisha kabla ya Mei, maana ndipo wengi huku tunaposhika makasi.

Mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma