Boti ioshwe kabla ya kuingia ziwani, na ada ilipwe na anayehama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu maziwa yetu madogo ya kusini, hasa Ziwa Rutamba la mkoani Lindi na Ziwa Kitere la mkoani Mtwara, ambayo kwa ukubwa hayatajwi pamoja na Victoria wala Nyasa, lakini ndiyo yanayotupatia kitoweo, maji ya bustani na fedha za sare za watoto wetu.

Mwaka jana, asubuhi moja, nilikuwa mwaloni Rutamba nikishona nyavu, likafika gari la mizigo na kuteremsha boti ya faiba. Mwenye boti alieleza kwamba walikuwa wakivua katika bwawa la mkoa mwingine, na kwamba safari yao ilikuwa ya usiku kucha. Maji ya ngama, yaani yale yanayotuama chini ndani ya boti, yalikuwa bado yamo, nyavu zimerundikwa mbichi, na chini ya nyavu kulikuwa na mche mmoja wa kijani, majani yake ya mviringo yanang'aa, vikonyo vyake vimevimba kama vitunguu. Nilipoviminya vilibonyea kama sponji kwa hewa iliyojaa ndani, na mizizi yake myeusi ilikuwa inachuruzika maji. Niliishi Mwanza miaka ya tisini, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa kuwa lile ni gugu maji. Nikamwomba asiishushe boti majini mpaka ioshwe. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mzee wangu, nionyeshe sheria inayonikataza, nami nitairudisha garini sasa hivi." Sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Ule mche niliuchukua, nikauanika juu ya bati hadi ukakauka, nikauchoma. Lakini ngama waliimwaga palepale ukingoni, na maji yake yakateremkia ziwani nikiyaona.

Simlaumu kijana yule, kwa sababu alikuwa anatafuta riziki na hakuna aliyempa utaratibu wa kufuata. Ninachokiandikia ni huo utaratibu.

Gugu maji si mmea wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika mazingira yanayolifaa, zulia lake linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi, na mbegu zake hukaa hai ndani ya tope kwa miaka mingi. Nilishuhudia mitumbwi ikishindwa kutoka mwaloni, wanawake wakilipasua zulia hilo kwa majembe ili wateke ndoo moja ya maji, na wavuvi wakipoteza nyavu zilizoburutwa na visiwa vya magugu vilivyosukumwa na upepo. Serikali za nchi zote tatu zinazolizunguka ziwa zililing'oa kwa mikono na kwa mitambo, na hatimaye wakaletwa fukusi wanaolila gugu hilo, wakalipunguza sana; hata hivyo halijaisha hadi leo. Ziwa kubwa kama lile lina nafasi ya kupumua hata likivamiwa upande mmoja. Rutamba likifunikwa, litafunikwa lote.

Wapo watakaosema kwamba ninaogopa jambo ambalo halijatokea kwetu. Limekwisha kutokea kwa njia nyingine. Watafiti wameonyesha kwamba katika maziwa madogo ya Lindi, Rutamba na Nambawala yakiwamo, perege wetu wa asili wamechanganyika kizazi na sato walioletwa kutoka nje. Sato wale hawakuja kwa boti, waliletwa na watu kwa nia njema ya kuongeza kitoweo, lakini mbegu iliyokwisha kuchanganyika haina namna ya kutenganishwa tena.

Utaratibu wa kuosha vyombo si mgeni duniani. Katika Ziwa Tahoe huko Marekani, tangu mwaka 2008 kila boti ya mashine hukaguliwa kabla ya kuingia majini, na mwenye chombo hulipia. Hofu yao ni kome wadogo wenye mistari kama ya punda milia na jamaa zao, ambao hujibandika kwenye mabomba ya maji hadi yakaziba, na ambao wakiwa wachanga hawaonekani kwa macho, kwa hiyo husafiri ndani ya maji machache yaliyosalia kwenye ngama au kwenye mashine. Boti yenye tope au maji huoshwa kwa maji ya moto ya nyuzi joto 60 hivi. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba boti inapotoka ziwani hufungwa lakiri, yaani muhuri wa kuifungia, kwenye gari linaloibeba, na ikirudi ziwa lilelile na lakiri haijakatwa, huhesabika kuwa haijaingia maji mengine.

Hapo ndipo napenda halmashauri zetu zitulie. Mvuvi wa kwetu tayari analipa leseni ya uvuvi, leseni ya chombo na ushuru wa samaki. Mtumbwi wa mti mmoja uliochongwa hapahapa, usiowahi kulala nje ya Rutamba, hauna sababu hata moja ya kutozwa ada ya kuoshwa, na ukitozwa, wavuvi wataona kwamba hii ni kodi nyingine iliyovishwa kanzu ya mazingira, na wataikwepa. Ada ilipwe na chombo kinachotoka maji mengine, pamoja na nyavu zake, na ilipwe pale tu kinapooshwa kweli. Mimi ningependekeza shilingi elfu tano kwa boti, kwa stakabadhi ya serikali, na fedha hizo zibaki kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo husika zinunue mafuta ya pampu na kuwalipa vijana watakaoosha. Stakabadhi iliyotolewa kwa boti ambayo haikuguswa na maji ni hasara kwa mvuvi na kwa ziwa pia.

Mahali pa kuoshea nako kuna maana kubwa. Pawe mbali na ukingo, pachimbwe shimo la kufyonza maji machafu, ili uchafu usirudi kulekule tulikoukimbiza. Tope likwanguliwe, ngama imwagwe juu ya nchi kavu, mashine ikaushwe, nyavu zikung'utwe na kuanikwa. Asiye na fedha apewe njia ya jua: chombo kikwanguliwe, kipinduliwe na kikae nchi kavu siku kadhaa mbele ya macho ya kikundi, bila malipo. Jua la Lindi halina bei. Tope, hata hivyo, lazima likwanguliwe kwa vyovyote vile, kwa sababu mbegu ya gugu maji haiuawi na kukauka.

Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo tangu mwaka 1982, na wananchi wana haki ya kusikilizwa kabla hazijapitishwa. Naomba rasimu ya sheria ndogo ya kuosha boti iletwe kwenye mikutano ya vijiji vinavyozunguka maziwa haya kabla ya mvua kuanza, isomwe kwa sauti mwaloni, na wavuvi waulizwe wenyewe kiwango cha ada na mahali pa shimo. Mimi nitakuwapo, na bati langu la kuanikia nitalitoa.

Mvuvi mkongwe,
Rutamba, Lindi