Habari za usajili wa wapiga kura zitufikie mitaani

Mhariri,

Juzi kijana wa jirani yangu hapa Kayole alitoka asubuhi na kitambulisho chake kipya mfukoni, akitaka kujisajili kuwa mpiga kura. Adhuhuri alirudi mikono mitupu. Notisi aliyoelekezwa ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa ofisi fulani, tarehe zimefutika kwa mvua, na hakupata wa kumuuliza. Nauli ya matatu ilikula pesa zake za chakula cha mchana.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Kila mmoja wetu atapewa karatasi sita za kura, lakini gumzo lote ni la urais. Diwani, anayepitisha bajeti ya kaunti na ambaye tunamlilia mitaro ikifurika, hatajwi. Nairobi ina wadi 85, na nimekutana na watu wazima wasiojua yao ni ipi! Tena wapo waliohamia hapa zamani, majina yao yangali kwenye vituo vya mashambani, wala hawajui kwamba mpiga kura anaweza kuhamia kituo kingine.

Tunaiomba tume ya uchaguzi, IEBC, itangaze ratiba ya usajili makanisani, misikitini, kwenye steji na redio za mitaa. Tena mapema, si wiki ya mwisho.

Mkazi wa Kayole,
Nairobi